Utalii na Historia ya Wavujajasho: Mfano wa Bagamoyo

Mgeni anayefika Dar es Salaam, awe ametoka Ulaya au ametoka Tabora, akisema anataka kupumzika na papo hapo kuona mambo ya kale, ataelekezwa Bagamoyo. Ni mwendo wa kilomita 70 hivi kwa barabara ya kaskazini. Ratiba ya matembezi hayo imekwisha kuwa kama sala isiyobadilika. Kwanza magofu ya Kaole, yenye makaburi ya nguzo na msikiti unaohesabiwa kuwa wa karne ya 13, yaliyochimbuliwa na Neville Chittick mwaka 1958. Kisha Misheni ya Mapadri wa Roho Mtakatifu, iliyoanzishwa mwaka 1868. Kisha Karavanserai, Boma la Wajerumani, mahali pa kunyongea watu, na mwisho samaki wa kukaanga ufukweni na ngoma jioni.

Hatusemi kwamba ratiba hiyo ni ya uongo. Kila kilichotajwa kipo na kinastahili kuonwa. Lakini hapana budi kutambua kwamba majengo yanayobaki ni ya wale waliokuwa na uwezo wa kujenga kwa mawe. Aliyejenga kibanda cha miti na makuti nje ya mji, akalala humo majuma matatu na kuondoka, haachi gofu. Kwa hiyo ratiba yoyote inayofuata mawe peke yake itakuwa, hata bila mtu kukusudia, ni historia ya tabaka lililokuwa na mawe.

Suala la utalii na ujenzi wa ujamaa liliwahi kujadiliwa nchini kwa ukali. Mwaka 1970, miaka mitatu baada ya Azimio la Arusha, vijana wa TANU wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walilifungua katika kurasa za gazeti la The Standard, na Issa Shivji akayakusanya mabishano hayo katika kitabu kilichotolewa na Tanzania Publishing House mwaka 1973. Upande mmoja ulitaja fedha za kigeni na ajira. Upande wa pili ulijibu kwamba hoteli za kifahari hula mitaji na bidhaa kutoka nje, kwamba faida hurudi kulekule, na kwamba kijana anayefundishwa kuinama mbele ya mgeni hafundishwi kujitegemea. Kwa maoni yetu swali lililostahili nafasi kubwa zaidi ni hili: mgeni akishalipa, anasimuliwa nini, na kijana wetu anayesimama kando anasikia nini juu ya babu yake?

Bagamoyo ya karne ya 19 ilikuwa mji wa wageni. Wengi wa wageni hao walikuwa wapagazi, hasa Wanyamwezi na Wasukuma, walioteremka kutoka bara kwa maelfu wakiwa na pembe za ndovu mabegani. Njia waliyoifuata haikuvumbuliwa na Mzungu, wala hapo mwanzo haikufunguliwa na Mwarabu. Misafara ya Wanyamwezi wenyewe ilikuwa ikifika pwani tangu mwanzoni mwa karne hiyo, kabla wafanyabiashara wa pwani hawajaweka makao yao Unyanyembe. Mtaji wa Wahindi na Waarabu wa Unguja na Bagamoyo ulikuja juu ya njia iliyokwisha kukanyagwa. Burton na Speke mwaka 1857, na Stanley mwaka 1871, walikuwa wateja wa njia hiyo, na wateja wasumbufu.

Tuitazame kazi yenyewe. Mzigo wa mpagazi ulikuwa kiasi cha kilo 30, na juu yake aliongeza mkeka wake, chungu chake na silaha yake. Kutoka Tabora hadi pwani ni miezi miwili au mitatu ya mwendo. Ujira ulilipwa kwa nguo, hasa merikani, na kila siku mpagazi alidai posho yake. Walikuwapo watumwa waliobeba mizigo ya mabwana zao, lakini sehemu kubwa ya wapagazi walikuwa watu huru waliouza nguvu zao kwa mapatano. Mwanahistoria Stephen Rockel, katika kitabu chake cha mwaka 2006, ameonyesha kwamba hawa ni miongoni mwa wafanyakazi wa kwanza wa ujira katika Afrika ya Mashariki, na kwamba walikuwa na kanuni zao: juu ya kirangozi anayetangulia, juu ya urefu wa mwendo wa siku, juu ya posho. Mwajiri akizivunja, walitua mizigo na kuketi, au waliondoka usiku. Vitabu vya Burton na Stanley vimejaa malalamiko juu ya uvivu na utoro wa wapagazi. Msomaji aliyezoea uchambuzi wa kitabaka atayasoma malalamiko hayo kinyumenyume, kama kumbukumbu za migomo zilizoandikwa na mwajiri.

Na pembe zilikwenda wapi? Zilivuka hadi Unguja, kisha Bombay, London, na mpaka jimbo la Connecticut huko Marekani, ambako viwanda vya Ivoryton na Deep River vilizichonga kuwa vibao vya piano. Nyingine zikawa mipira ya biliadi. Burudani ya sebule za mabepari wa New York ilianzia begani mwa Mnyamwezi. Yeye alirudi kwao na doti kadhaa za nguo, nyingi zikiwa zimefumwa katika nchi ileile ya Marekani.

Baina ya kufika na kuondoka mpagazi alikaa Bagamoyo siku nyingi akingoja kuuza au kupata mzigo wa kurudi nao. Hapo ndipo mji ulipofanya kazi yake ya kumpokea mgeni. Majumbe wa Kishomvi na wenyeji wengine walishindana kuivuta misafara, kwa kuwa aliyeupokea msafara alipata ada yake juu ya pembe. Palikuwa na karamu, ngoma, na mashindano ya vyama vya ngoma. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwenyeji wa Dunda karibu na Bagamoyo, ambaye tangu mwaka 1900 alifundisha Kiswahili Berlin, ameyaeleza maisha ya mji huo katika Desturi za Wasuaheli, kitabu alichokitoa Carl Velten mwaka 1903. Anayekisoma kwa makini ataona kwamba ngoma haikuwa mchezo tu, kwani aliyeigharimia alikuwa akitafuta cheo, na aliyenyimwa nafasi ndani yake alijua amenyimwa nini. Jonathon Glassman, katika utafiti wake wa mwaka 1995 juu ya pwani ya Mrima, amelifuata jambo hilo mpaka Pangani mwezi wa Agosti 1888, ambako umati uliokusanyika kwa Idi Kubwa ulikuwamo katika machafuko yaliyofungua vita dhidi ya Kampuni ya Wajerumani. Sherehe iligeuka uasi.

Jina la mji nalo limekuwa uwanja wa mabishano. Mgeni huambiwa kwamba Bagamoyo ni "bwaga moyo", kilio cha mtumwa anayeiacha bara asiirudie tena. Wengine husema ni furaha ya mpagazi aliyefika mwisho wa safari, akatua mzigo na kuupumzisha moyo. Nyimbo za misafara zilizoandikwa zama zile ziliusifu mji huo wa minazi kama mahali pa raha, na hilo linaipa nguvu maana ya pili. Maana ya kwanza ndiyo inayouzika zaidi. Mwaka 2006 njia yote kutoka Ujiji hadi Bagamoyo, kiasi cha kilomita 1,200, iliingizwa katika orodha ya awali ya UNESCO kwa jina la njia ya biashara ya utumwa na pembe za ndovu, utumwa ukitangulia. Jan Lindström, katika kitabu cha mwaka 2019, amehoji kwamba kwa kufanya hivyo kumbukumbu ya mpagazi imezimwa.

Hapa kada ajihadhari na kosa la upande wa pili. Utumwa Bagamoyo ulikuwapo. Watu waliuzwa na kuvushwa kwenda Unguja, na baada ya mkataba wa 1873 kupiga marufuku usafirishaji wa baharini, watumwa waliendelea kulima mashamba ya Mrima. Wamisionari nao walinunua watoto sokoni ili kuwakomboa, kisha wakawaweka katika kijiji chao na kuwafanyisha kazi mashambani mwa misheni. Kukana hayo ni kuwatetea wenye mashamba. Lakini kumfanya kila Mwafrika aliyeshuka njia ile kuwa mtu wa minyororo ni kumnyang'anya ujira wake, mapatano yake na mgomo wake, na kumwachia Mzungu mwenye msalaba sifa zote za kutenda.

Tazama mnara wa kanisa la zamani la Misheni. Mgeni huonyeshwa kwamba hapo ndipo mwili wa Livingstone ulipolazwa mwezi wa Februari 1874. Mnara unaitwa kwa jina lake. Livingstone alikufa Mei 1, 1873 kwa Chitambo, katika Zambia ya leo. Moyo wake ulizikwa kulekule (kwa hiyo, tukitaka mzaha, aliubwaga mbali sana na Bagamoyo). Mwili ulikaushwa, ukafungwa kama mtumba wa nguo ili watu njiani wasiutilie shaka, na ukabebwa miezi mingi na Abdullah Susi, James Chuma na wenzao. Yaani mvumbuzi alifika Bagamoyo akiwa mzigo wa wapagazi. Alipozikwa London Aprili 18, 1874, katika wote waliombeba alikuwapo Jacob Wainwright peke yake. Susi na Chuma walipelekwa Uingereza baadaye, mazishi yakiwa yamekwisha.

Kuhusu Wajerumani, Bagamoyo ilikuwa makao yao makuu mpaka mwaka 1891, walipohamia Dar es Salaam. Boma linaloonyeshwa leo ni la mwaka 1897, baada ya mji kwisha kuvuliwa cheo hicho. Desemba 4, 1889 maofisa wao waliwafanyia karamu Bagamoyo Stanley na Emin Pasha, na katikati ya vinywaji Emin Pasha akaanguka dirishani na kuumia vibaya. Siku 11 baadaye, Bushiri bin Salim akanyongwa Pangani. Kisa cha dirisha huwachekesha wageni, nacho kisitenganishwe na kitanzi. Kilichoua mji hatimaye ni reli: ilianzia Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907, Tabora 1912 na Kigoma 1914. Kazi ya mpagazi ikahamia kwenye behewa.

Burudani ya leo ina shina lake katika njia ileile. Chuo cha Sanaa kilianzishwa Bagamoyo mwaka 1981, tamasha lake likaanza mwaka uliofuata, na tangu 2007 kinaitwa TaSUBa. Mwanamuziki aliyelifanya jina la mji lisikike duniani, Hukwe Zawose, aliyefariki Desemba 2003, hakuwa mtu wa pwani. Alikuwa Mgogo, fundi wa zeze na marimba, kutoka nchi ambako misafara ililipa hongo ili ipate maji, na ambamo leo yamo makao makuu yetu, Dodoma. Mgeni anayepiga makofi jioni akiambiwa jambo hilo, ngoma ile itamfungulia ramani nzima.

Na wako wageni wengine, ambao vitabu vya utalii haviwahesabu. Sheikh Ramiya aliletwa Bagamoyo kutoka Manyema, mashariki ya Kongo, akiwa mtoto mtumwa. Alisoma, akawa mwanachuoni, akaongoza tarika ya Kadiria mpaka alipofariki mwaka 1931. Maulidi ya Bagamoyo yalivuta watu kwa maelfu kutoka pande nyingi za nchi, na wengi walitoka miji ya njia ya zamani ya misafara. Mwanawe, Sheikh Muhammad Ramiya, aliirithi tarika hiyo, na ulipofika wakati wa kudai Uhuru alikuwa miongoni mwa viongozi wa TANU mjini hapo. Katika ukoo huo mmoja umo utumwa, umo uhuru, imo bara na imo pwani, na mtembezaji anaweza kumsimulia mgeni hayo yote kwa nusu saa, kabla samaki hawajaiva.