Barobaro asiyesoma vyema bado ana nafasi

Wahenga walituusia kuwa samaki mkunje angali mbichi. Je, barobaro wa miaka 15 anayetatizika kuelewa anachosoma bado ni mbichi, au keshakauka? Historia ya utafiti mmoja nchini Kanada ina jibu.

Mnamo 2000, Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo (OECD) liliendesha kwa mara ya kwanza mtihani wa kimataifa wa PISA kwa wanafunzi wa umri huo. Mkazo ulikuwa kusoma. Si kutamka maneno tu, la hasha! Mwanafunzi alitakiwa kutafuta habari katika matini, kuifasiri na kuitathmini.

Kanada haikuishia kwenye alama. Iliwafuatilia watahiniwa wake wapatao 30,000 na kuwahoji kila baada ya miaka miwili kwa takriban mwongo mzima. Nani kaacha shule? Nani kaingia chuo? Nani kaajiriwa?

Ilibainika kuwa waliokuwa katika robo ya chini ndio waliokuwa hatarini zaidi kuacha shule ya sekondari. Waliofika kiwango cha 5, ambacho kilikuwa cha juu kabisa, walikuwa na nafasi kubwa mno ya kuingia chuo kikuu wakilinganishwa na wale wa kiwango cha 1. Utasema, "Aa, hao ni watoto wa matajiri!" Watafiti walilizingatia hilo pia. Hata baada ya kutilia maanani mapato na elimu ya wazazi, pengo lilisalia.

Hata hivyo, hadithi haikukomea hapo. Mnamo 2009, baadhi yao walipimwa tena kusoma wakiwa na miaka 24. Wastani wao ulikuwa umepanda kutoka alama 541 hadi 598. Waliokuwa nyuma ndio waliopiga hatua ndefu zaidi, ijapokuwa hawakuwafikia wenzao. Kuendelea na masomo baada ya sekondari kulihusiana na maendeleo hayo.

Naam, kusoma hakumalizwi katika shule ya msingi. Kwetu Kenya, kijana wa miaka 15 yuko karibu na Gredi 10. Akikwama kwenye aya ya Biolojia au Historia, mwalimu wa somo hilo asimtupie mwenzake wa Kiswahili au Kiingereza mzigo. Aisome aya hiyo pamoja naye. Wakati ungalipo.