Dada wa Kuchaguliwa kwa Macho

Mwaka 1867 chuo kimoja cha Wamethodisti katika mji mdogo wa Greencastle, jimbo la Indiana huko Marekani, kilianza kupokea wasichana. Wakati ule kiliitwa Indiana Asbury. Leo kinaitwa DePauw. Mlango ulifunguliwa, lakini karibu ya kweli haikuwepo. Miongoni mwa wasichana wa kwanza alikuwamo Bettie Locke, binti wa profesa wa hapo hapo. Wavulana wa chama kimoja walimwalika avae beji yao. Uanachama wenyewe hawakumpa. Naye aliikataa beji, na tarehe 27 Januari 1870 yeye na wenzake watatu wakaanzisha chama chao, Kappa Alpha Theta.

Msomaji wa leo huenda asione uzito wa jambo hilo. Basi na akumbuke kwamba miaka mitatu tu baadaye, mwaka 1873, daktari wa Boston aliyeitwa Edward Clarke alitoa kitabu akidai kuwa masomo mazito humharibia mwanamke uzazi wake, na watu waliosoma wakamsadiki. Msichana aliyekwenda chuoni alihitaji wenzake wa kumwambia kwamba hajapotoka. Vyama vya namna hiyo vikaongezeka. Profesa mmoja wa Kilatini huko Syracuse akawapa wasichana wa Gamma Phi Beta, chama cha mwaka 1874, jina la sororiti, kutokana na neno soror, yaani dada.

Udada huo ulifikaje basi kupimwa kwa kiuno, nywele na ngozi? Wengi husema wasichana wa siku hizi wameharibika. Mimi sikubali. Jibu naliona katika namna ya kuchagua.

Sororiti zilipokua zilijenga nyumba kubwa za kuishi wanachama, na nyumba ina gharama. Vitanda vitupu ni hasara, kwa hiyo kila mwaka lazima wapatikane wapya. Hufanyika msimu wa kuchagua: kwa siku chache mamia ya wasichana hupita nyumba hadi nyumba, wakizungumza dakika chache hapa, dakika chache pale, na usiku wenyeji huketi kukata majina. Nimekaa miaka mingi kwenye meza ya usaili wa walimu wanafunzi. Mpe mtu mzima mwenye mvi zake waombaji 100 na dakika 10 kwa kila mmoja. Ifikapo jioni atakuwa anapima kwa macho. Sembuse msichana wa miaka 19, ambaye pia anawaza nyumba gani itaalikwa kwenye sherehe za wavulana! Hapo ndipo sheria za mavazi zilipoota mizizi. Mwaka 2010 ilivuja barua ya kurasa sita ya sororiti moja katika chuo kikuu cha Cornell, ikieleza nguo, vito na vipodozi vinavyofaa msimu huo. Kurasa sita! Kuna ratiba za masomo zisizofika urefu huo.

Rangi nayo ilikuwa sehemu ya sura. Sororiti nyingi za Wazungu ziliwafungia nje Weusi na Wayahudi, nao wakaanzisha zao. Alpha Kappa Alpha ilizaliwa mwaka 1908 katika Chuo Kikuu cha Howard, Washington. Delta Sigma Theta ilifuata hapo hapo mwaka 1913, na tarehe 3 Machi mwaka huo huo wanachama wake walikuwa barabarani katika maandamano ya kudai kura ya wanawake. Hata hivyo, katika vyama vya Weusi nako kuna simulizi ya mfuko wa karatasi wa kaki: mwombaji aliwekwa kando ya mfuko, na akiuzidi weusi, hakuingia. Wataalamu wanabishana kama kipimo hicho kilitumika kweli au kilisimuliwa tu. Upendeleo wa ngozi nyeupe wenyewe haubishaniwi. Sisi ambao madukani kwetu mkorogo umeuzwa miaka na miaka, tusiwacheke. Kwa upande wa Wazungu, Chuo Kikuu cha Alabama kilibidi kingoje hadi mwaka 2013, baada ya gazeti la wanafunzi kufichua mambo, ndipo sororiti zake zikaanza kupokea wasichana Weusi kadhaa kwa pamoja.

Turudi Greencastle. Chuoni DePauw mwalimu mmoja wa saikolojia aliwauliza wanafunzi wanazionaje sororiti zao. Kila nyumba ilikuwa na lakabu yake: hawa watoto wa kudekezwa na baba, wale mahipi wa kupenda mambo ya ajabu. Delta Zeta, iliyokuwa hapo tangu 1909, ilisemwa kuwa ya wasichana wasiojua kuchangamana. Lakabu ikishakaa, waombaji hupungua. Mwaka 2006 viongozi wa kitaifa walikuja, wakawahoji wanachama 35, na mwezi Desemba 23 kati yao wakaandikiwa barua za kuondoka katika nyumba. Kwa taarifa ya gazeti la New York Times la Februari 2007, walioondolewa ni pamoja na wanene wote, na wanachama pekee wenye asili ya Kiafrika, Kikorea na Kivietinamu. Viongozi walikana, walisema walipima bidii ya kutafuta wanachama wapya. Mwezi Machi rais wa chuo, Robert Bottoms, alivunja uhusiano na sororiti hiyo, nayo ikakishtaki chuo.

Wasichana 12 walikuwa wameambiwa wabaki. Kwa kipimo cha macho walikuwa wamefaulu. Nyumba ilikuwa yao. Sita kati yao walijitoa wakawafuata wenzao waliofukuzwa.