Keekee, Kifyatulio na Ukanda wa Mpira

Baba mdogo ana vidole vinane. Viwili vya mkono wa kushoto aliviacha Keko mwaka 2006, mwaka wa ule mgao mkubwa wa umeme, na akikusimulia habari hiyo huanza na mgao kabla hajafika kwenye msumeno. Kwa muda mrefu nilidhani ni ujanja wa fundi kukwepa lawama. Sikuwa na karakana wakati huo, kwa hiyo sikujua lolote.

Mwaka jana nilipata chumba nyuma ya nyumba, kilichokuwa banda la kuku. Nikakipiga lipu, nikaweka meza na jiriwa, nikaenda kwake kumuuliza mashine gani ninunue kwanza. Nilitegemea anitajie majina. Akaniambia, "Mwanangu, usiniulize mashine gani. Niulize inazimwaje."

Nikaondoka nimenuna kidogo. Lakini mimi ni mtu wa vitabu kabla ya kuwa mtu wa mbao, na swali lile likanipeleka kusoma historia ya hivi vyombo. Nimegundua kwamba swali la Baba mdogo ndilo hasa lililowasumbua waliovitengeneza.

Tuanze na tulichokuwa nacho sisi. Keekee ya mafundi wa pwani, ile ya kutobolea mbao za majahazi na milango, ilikuwa na sehemu zenye majina yake: chuma chenyewe, msukano uliokishika, jivu la kukandamizia juu, na uta wa kuizungushia. Mkono mmoja unakandamiza, mwingine unavuta uta. Ukiacha kuvuta, keekee imesimama. Hakuna aliyehitaji kufikiria namna ya kuizima, maana aliyekuwa akiiwasha ni bega lako.

Umeme ulivunja makubaliano hayo. Mwaka 1889 kule Melbourne, Arthur James Arnot na William Blanch Brain walipata hataza ya keekee ya umeme, ila yao ilikuwa ya miamba na makaa ya mawe, si kitu cha kushika mkononi. Ya kubebeka ilitoka Stuttgart, Ujerumani, mwaka 1895, katika kampuni ya Fein. Ilikuwa na uzito wa kama kilo saba na nusu. Hebu fikiria kushika ndoo ndogo ya maji inayojizungusha. Ilikuwa mashine ya kiwandani, na kiwandani kuna msimamizi, kuna mwenzako pembeni, kuna mtu wa kukimbilia swichi ukutani.

Hatua iliyonikamata zaidi ni ya Baltimore. S. Duncan Black na Alonzo Decker walianza kampuni yao mwaka 1910, na mwaka 1917 wakapewa hataza ya keekee yenye mpini kama wa bastola, na swichi yake iko pale pale kidole kinapokaa. Kifyatulio. Bana, inazunguka. Achia, umeme umekatika. Tumezoea mno kukiona hata hatukioni tena, lakini ukikitazama vizuri utaona kilirudisha sehemu ya yale makubaliano ya keekee ya uta: mashine ifanye kazi kwa muda ule tu ambao mwili wako unasema ndiyo. Ukianguka, ukishtuka, ukiitwa na mtoto, kidole kinaachia.

(Kwamba wazo hilo lilikuja na umbo la silaha ni jambo ambalo ningependa mtu mwingine aliandikie makala. Mimi naliacha hapo.)

Msumeno wa mviringo wa mkononi una historia ya kishamba zaidi, na ninaipenda. Mwaka 1924 huko New Orleans, Edmond Michel alikuwa akiwatazama watu wakikata miwa kwa mapanga, akajaribu kutengeneza panga la mota. Kutokana na jaribio hilo ukazaliwa msumeno wa umeme, na baadaye kampuni iliyojulikana kwa jina la Skilsaw. Ule wa jigso, unaokata kwa kupanda na kushuka, ulianzia Uswisi baada ya vita: Albert Kaufmann alitoa sindano kwenye cherehani ya mkewe akaweka uwembe wa msumeno. Ukitaka kujua kwa nini jigso inakatika kona na mikunjo vizuri namna ile, kumbuka ni cherehani.

Basi vyombo hivi vilifikaje majumbani? Inasimuliwa kwamba wakati wa Vita vya Pili, wafanyakazi wa viwanda vya Marekani walikuwa wakiondoka na keekee kwenda kufanyia kazi zao nyumbani. Kumbe soko lilikuwepo. Mwaka 1946 Black & Decker wakatoa mashine nyepesi na za bei nafuu kwa ajili ya mwenye nyumba, na mwaka 1961 wakatoa keekee ya betri. Hapo mashine ilivuka kizingiti. Ila ilivuka peke yake. Msimamizi hakuja, mwenzako wa pembeni hakuja, na kwetu hata kitabu cha maelekezo huwa kimebaki bandarini.

Sasa nirudi Keko. Mafundi wengi hawana pesa ya kununua msumeno wa meza. Wanachofanya ni kuchukua ule wa mkononi, kuupindua, kuufunga chini ya meza ya mbao, na kuutolea upanga wake juu kupitia tundu. Ni akili nzuri, sitaki mtu aidharau. Samani nyingi tunazokalia zimekatwa hivyo. Lakini ili ifanye kazi unaharibu vitu viwili. Kinga inayojifunika kwa springi unaifunga kwa waya ibaki wazi. Na kifyatulio, kwa kuwa hakuna kidole chini ya meza, unakifunga kwa ukanda wa mpira wa baiskeli. Tangu hapo mashine inawashwa na kuzimwa kwenye soketi.

Siku ile umeme ulikatika mbao ikiwa katikati. Msumeno ukasimama ukiwa umebanwa. Baba mdogo akasubiri, akanywa chai, akarudi kuitoa ile mbao kwa mkono. Umeme ukarudi.

Hakukuwa na mtu aliyewasha kitu. Ndiyo maana husimulia mgao kwanza. Nilimhukumu bure miaka yote hiyo.

Mashine nzuri za meza zina swichi ya sumaku: umeme ukikatika, swichi inajiachia, na ukirudi mashine inabaki kimya mpaka uibonyeze upya. Hiki ndicho kitu cha kwanza ninachokitafuta sasa dukani, kabla ya nguvu ya mota. Cha pili ni kile kipande chembamba cha chuma kinachokaa nyuma ya upanga. Mbao ikipasuliwa huwa inajifunga, inabana meno ya nyuma yanayopanda, na meno hayo yanairusha kifuani mwako. Chuma hicho huizuia isijifunge. Cha tatu ni volti. Nilinunua msumeno wa mtumba wa njano, mzuri kweli kweli, wa aina inayotumika kwenye ujenzi Uingereza, nikauchomeka bila kusoma kibao. Ni wa volti 110. Moshi ulitoka kabla sijakata hata fito moja, na muuzaji alipokea simu yangu kwa upole wa mtu anayejua pesa hairudi.

Wapo waliofika mbali zaidi. Mwaka 1999 Steve Gass, mwanafizikia na mwanasheria wa hataza kule Marekani, alibuni msumeno wa meza unaotambua ngozi ya mtu na kujisimamisha ndani ya milisekunde chache. Alizoea kuuonyesha kwa kuusukumia soseji. Makampuni makubwa hayakuukumbatia, akaishia kuunda misumeno yake mwenyewe. Nilimwonyesha Baba mdogo video yake kwenye simu. Aliitazama mara mbili, akauliza bei. Nilipomtajia akacheka mpaka akakohoa.

Mwishowe nilinunua keekee ya betri na jigso, basi. Kingo nanyoosha kwa randa ya mkono iliyokuwa ya marehemu baba. Kazi inakwenda polepole, na mninga mkavu si wa kuchezea kwa jigso. Mstari unapinda na uwembe unaungua. Mwezi uliopita nilikuwa na vipande 24 vya rafu vya kukata. Kufikia cha kumi na mbili kidole kilikuwa kimekufa ganzi juu ya swichi, na nikajikuta naangalia ukutani, ambako ukanda wa mpira wa baiskeli umening'inia msumarini.

Baba mdogo alipita jioni ile. Nikampa shikamoo, akaitikia huku macho yako ukutani.

"Ule wa nini?"

"Wa kubania mbao zikishapakwa gundi, Ba'mdogo."

Na ni kweli, unabana vizuri kuliko vibanio vingi. Akaushusha, akauvuta mara mbili tatu kwa ule mkono wa vidole vitatu, akaukunja, akautia mfukoni. Tukakaa nje tukanywa chai. Vipande kumi na viwili vilivyobaki nilivikata siku ya pili, na ukanda hajaurudisha mpaka leo.