Mtoto na Kompyuta: Nani Atamsomea Kazi Yake?

Juma lililopita nilikuwa nimesimama kituo cha Mwenge nikisubiri daladala, mara mama mmoja akaitambua sauti yangu. "Kaka, si wewe unayesema redioni?" Nikamjibu kwamba ndiye. Hapo akanieleza linalomsumbua. Kijana wake yuko kidato cha tatu na hana wimbo mwingine ila kompyuta. Mama ameuza maandazi mwaka mzima akiweka akiba. "Sasa niambie kaka, nikimnunulia atakuwa fundi kweli, au nitakuwa nimenunua sinema?"

Daladala ikaja, tukasukumana, nikampoteza. Makala ya leo ni jibu lake.

Nionavyo mimi, kompyuta ni nusu ya shughuli. Nusu ya pili ni mtu ajuaye kazi, atakayeketi aisome kazi ya mtoto huyo na kumwonyesha palipo na kosa. Sisemi hivyo kwa kubahatisha. Historia ya programu huria inatufundisha.

Programu huria ni kitu gani? Kampuni nyingi hukuuzia programu kama mgahawa unavyouza pilau: sahani utaletewa, lakini jikoni huingii. Programu huria mlango wa jiko lake uko wazi. Unaruhusiwa kuona ilivyoandikwa, kuibadilisha, na kumpa mwenzako. Mwaka 1983 Mmarekani Richard Stallman alitangaza mradi wa GNU kwa shabaha hiyo. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki mwenye umri wa miaka 21, akatoa Linux, na watu wa mataifa mbalimbali wakaanza kumsaidia kuitengeneza. Simu za Android tulizo nazo mifukoni zinaendeshwa juu ya kazi hiyo.

Lakini, ndugu msomaji, mlango kuwa wazi si sawa na kukaribishwa ndani. Mtoto wa sekondari akichungulia humo ataona maelfu ya mistari ya maandishi asiyoyaelewa, na watu wazima wanaozungumza kwa mafumbo yao. Atasimama kizingitini dakika tano, kisha atarudi kwenye michezo yake. Kwa miaka mingi hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa wengi.

Mwaka 2005 kampuni ya Google ilianzisha mpango wa kuwalipa wanafunzi wa vyuo vikuu wafanye kazi kwenye programu huria chini ya uangalizi wa wazoefu. Novemba 2007 ikajaribu jambo kama hilo kwa wanafunzi wa sekondari, pamoja na vikundi 10 vya programu huria, vikiwamo Python, GNOME na Moodle. Mwaka 2010 mpango wa sekondari ukarudi kwa jina la Google Code-in, kwa vijana wa kuanzia miaka 13, ukawa unafanyika kila mwaka.

Utaratibu wake ulikuwa hivi. Kila kikundi kiliandika orodha ya kazi ndogondogo, za saa chache kila moja. Zilikuwa za aina tano: kuandika programu, kuandika maelezo ya matumizi, kupima na kusaka makosa, kusanifu mwonekano, na kufanya utafiti na uenezi. Kijana alichagua kazi moja, akaifanya kwa siku alizopewa, akaiwasilisha. Upande wa pili alikuwapo mlezi, mwanakikundi mwenye uzoefu aliyejitolea. Mlezi aliisoma kazi ile. Ikifaa, aliipitisha. Isipofaa, aliirudisha pamoja na maelezo: hapa umekosea, pale hukumaliza, jaribu tena.

Kurudishiwa huko ndiko shule yenyewe. Mimi nilipoingia redioni na stashahada yangu ya uandishi wa habari mkononi, nilidhani nimefika. Habari yangu ya kwanza ilihusu bomba la maji lililopasuka, mistari 12 tu. Mhariri wangu, mzee mmoja mkimya, aliirudisha mara nne. Mara ya kwanza aliandika pembeni: "Nani kasema?" Mara ya pili: "Mtaa gani?" Mara ya tatu: "Tangu lini?" Mara ya nne hakuandika neno, alipiga tu mstari mwekundu chini ya sentensi niliyoirudia. Siku ile nilimchukia kweli kweli. Leo, zaidi ya miaka 20 baadaye, bado namsikia akiniuliza nani kasema. Chuo kilinipa cheti; kazi nilifundishwa na kalamu nyekundu ya mzee yule.

Turudi kwenye kompyuta, na safari hii tusogee karibu na nyumbani. Mwaka 2001 kituo cha afya cha Mosoriot, karibu na Eldoret, magharibi mwa Kenya, kilianza kutunza kumbukumbu za wagonjwa kwa kompyuta, kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani. Ilikuwa miaka migumu ya UKIMWI. Wagonjwa waliohitaji kufuatiliwa waliongezeka upesi, na mfumo ule mdogo ukaelemewa. Mwaka 2004 madaktari wawili wa Taasisi ya Regenstrief ya Indiana, Burke Mamlin na Paul Biondich, wakaanza kubuni mfumo mpya, na wenzao wa shirika la Partners In Health na wa Afrika Kusini wakaungana nao. Wakaufanya uwe huria, wakauita OpenMRS. Februari 2006 ukaanza kazi Eldoret. Mwaka huohuo ukafika Rwinkwavu nchini Rwanda. Mifumo ya KenyaEMR na UgandaEMR imejengwa juu ya msingi huo.

Tafakari uzito wa programu ya namna hiyo. Kumbukumbu ya mgonjwa mmoja ikichanganywa na ya mwingine, au jibu la kipimo likipotea, kuna mtu ataumia. Hata hivyo, mwaka 2016 OpenMRS ilikuwa miongoni mwa vikundi vilivyowapokea watoto wa sekondari katika Google Code-in. Walipata wapi ujasiri huo? Walijua kwamba kazi ya mtoto haiingii mpaka mlezi aisome na kuipitisha. Uangalizi huo ulimlinda mgonjwa na kumfundisha kijana kwa wakati mmoja.

Mmoja wa vijana hao alikuwa Nji Collins Gbah wa Bamenda, kaskazini-magharibi mwa Kameruni, umri wake miaka 17. Alikuwa amejifunza kuandika programu kwa takriban miaka miwili, sehemu kubwa kwa vitabu na intaneti. Mashindano yalianza Novemba 28, 2016. Nji akafanya kazi 20, zote za OpenMRS, akigusa aina zote tano. Wale waliokuwa wakizisoma walikuwa mbali naye, hawakuwahi kushikana naye mkono.

Mashindano yakafungwa Januari 16, 2017. Siku iliyofuata, intaneti ikakatwa Bamenda na katika mikoa yote miwili ya Kameruni inayozungumza Kiingereza, ambako wanasheria na walimu walikuwa wamegoma, na watu wakaandamana wakilalamika kwamba serikali inawabagua. Hebu fikiri: amri ile ingetoka siku chache mapema, jasho la kijana yule la wiki kadhaa lingepotea. Nji alilazimika kusafiri hadi Yaoundé, kilometa zipatazo 370, ili apate mawasiliano. Mwisho wa mwezi matokeo yakatangazwa. Kati ya vijana 1,340 wa nchi 62 waliokuwa wamemaliza kazi 6,418, washindi wakuu walikuwa 34, na Nji alikuwa mmoja wao, Mwafrika wa kwanza kuipata nafasi hiyo. Zawadi ilikuwa safari ya kwenda Marekani pamoja na mzazi. Wakati dunia inampongeza, mji wake ulikuwa gizani. Intaneti ilirudi Aprili 20, baada ya siku 93.

Kuna watakaosema, basi kila mtoto aende Google. Taratibu, ndugu yangu. Kampuni kubwa haitoi senti yake bila hesabu. Jina zuri na vipaji vipya nayo ni faida. Mashindano ya mwaka 2019, yaliyomalizika Januari 2020, yalihudhuriwa na vijana 3,566 wa nchi 76. Yakawa ya 10 na ya mwisho. Mwenye ngoma aliichukua ngoma yake, na hatuna la kumdai.

Ila vikundi vya programu huria havikufungwa. OpenMRS ipo, Python ipo, na kazi ndogondogo zinazomsubiri mwanagenzi zipo kila siku. Kilichopungua ni walezi waliopangwa rasmi kumngojea mtoto mlangoni. Na hapo nawageukia ninyi mafundi wa kompyuta wa mabenki, makampuni ya simu na vyuo vyetu. Miji yetu imewajaa. Gharama ya kumlea kijana mmoja ni saa moja ya Jumamosi: kumchagulia kazi ndogo inayomfaa, kuisoma akiimaliza, kumrudishia akikosea, na kumpongeza akipatia. Kama watu wa ng'ambo waliweza kumfanyia hivyo kijana wa Bamenda wasiyemjua, sisi tunashindwaje kumfanyia jirani wa Sinza au Mbagala?

Najua mtasema kazi ni nyingi na foleni za barabarani zinawamaliza. Mzee wangu wa kalamu nyekundu naye alikuwa na taarifa ya saa mbili usiku ya kuitayarisha, na bado aliisoma habari ya bomba mara nne.

Na wewe mama wa Mwenge, kama unanisikia: usizitoe fedha za maandazi leo. Kwanza mtafutie kijana wako mtu. Muulize mwalimu wake, muulize fundi wa mtaani, waulize wanafunzi wa chuo kilicho karibu: ni nani kati yenu atakayeisoma kazi ya mwanangu kila juma na kumwambia ukweli? Ukimpata mtu huyo, hata kompyuta iliyotumika itatosha kuanzia. Usipompata, njoo hapa kituoni, uliza jina langu getini. Tutamtafuta pamoja.

Hadi juma lijalo, kwaheri.