Kanda za Dunia: Kigoma, Ujiji na Mwambao wa Ziwa Tanganyika

Kanda ya dunia ni eneo kubwa ambalo wanajiografia, serikali au watu wa kawaida wamelitenga kwa sifa fulani na kulipa jina moja, kama Afrika Mashariki, Maziwa Makuu, Sahel au Mashariki ya Kati. Mlima unauona kwa macho, kisiwa unakizunguka kwa mtumbwi. Kanda ipo kwa sababu kuna mtu aliyeichora. Hilo hufahamika upesi ukiangalia mahali panapogombewa na kanda nyingi kwa wakati mmoja, na Kigoma ni mahali pa namna hiyo.

Manispaa ya Kigoma-Ujiji iko kwenye mwambao wa kaskazini-mashariki wa Ziwa Tanganyika. Ziwa hilo lina urefu wa kilomita 670 hivi na kina cha mita 1,470. Duniani kote ni Baikal peke yake linalolizidi kwa kina. Hata hivyo, Mtanzania anaposema "Kanda ya Ziwa" hamaanishi huku. Anamaanisha Mwanza, Mara, Kagera, Geita, Simiyu na Shinyanga, kwa kuwa ziwa lisilotajwa jina ni Victoria. Katika mgawanyo unaotumiwa kwenye tafiti za kitaifa za afya na idadi ya watu, Kigoma imo Kanda ya Magharibi pamoja na Tabora. Shinyanga, ambayo haigusi maji ya Victoria, ni ya Ziwa. Kigoma, yenye bandari na meli, si ya Ziwa. Zipo taasisi zinazoihesabu Kigoma pamoja na mikoa ya Victoria, kwa hiyo mtu anayelinganisha takwimu za "Kanda ya Ziwa" kutoka ripoti mbili tofauti aangalie kwanza orodha ya mikoa.

Aina za kanda

Mwanajiografia Mmarekani Derwent Whittlesey, katika maandishi yake ya mwaka 1954, alitenganisha kanda za mfanano na kanda za kitovu. Kanda ya mfanano ni eneo ambalo kila sehemu yake ina sifa ileile: mvua, udongo, lugha au zao. Katika mgawanyo wa tabianchi ulioanzishwa na Wladimir Köppen, Kigoma imo katika kundi la savana za kitropiki, zenye majira ya mvua na kiangazi kinachojulikana. Kanda ya kitovu, kwa upande wake, haijali mfanano. Inaunganishwa na njia zinazoelekea mahali pamoja, kama vijiji vinavyopeleka samaki kwenye soko moja.

Kigoma ni mfano mzuri wa kanda ya kitovu iliyovuka maji. Wajerumani waliupita mji wa kale wa Ujiji, ambao pwani yake ni ya kina kifupi, wakaifikisha reli kwenye ghuba ya Kigoma mwaka 1914, kilomita 1,250 hivi kutoka Dar es Salaam. Mwaka uliofuata reli ya Kongo ilifika ng'ambo, mji wa Albertville, ambao leo ni Kalemie. Ncha hizo mbili ziliunganishwa na meli. Wabelgiji waliiteka Kigoma Julai 1916 na kuikabidhi kwa Waingereza mwaka 1921, lakini mwaka huohuo walijipatia haki ya kudumu ya kutumia sehemu ya bandari hapo na Dar es Salaam, kwa sababu shehena ya mashariki ya Kongo ilikuwa na njia fupi ya kufikia Bahari ya Hindi. Kwa ramani ya utawala zilikuwa nchi mbili. Kwa ramani ya mizigo ulikuwa mlolongo mmoja.

Wanajiografia waliofuata waliongeza aina ya tatu: kanda ya mazoea, ile inayoishi vinywani mwa watu bila mpaka ulioandikwa popote. "Mwisho wa reli" ni jina la aina hiyo. Kila Mtanzania anajua linataja wapi. Limetungwa na mtu aliyepanda treni Dar es Salaam, maana kwa anayeshuka kwenye meli akitokea Kalemie, reli huanzia Kigoma.

Herufi inayotengeneza nchi

Kiswahili kina chombo chake cha kuchora kanda, nacho ni kiambishi U-. Waha wako Uha, Wavinza wako Uvinza, Wanyamwezi wako Unyamwezi. Hapa eneo halitambuliwi kwa mto wala mlima bali kwa wenyeji wake, na mpaka wake husogea watu wakisogea. Kanuni hiyohiyo ilipelekwa mbali hadi Ufaransa, Urusi na Ureno. Ulaya si mwenzao, ingawa inafanana nao kwa sura: hakuna Walaya, na asili yake ni neno la Kiarabu wilaya.

Richard Burton na John Speke walipofika Februari 1858, Ujiji lilikuwa jina la nchi ya Wajiji, na makazi yenye soko yaliitwa Kawele. Kadiri misafara ya pembe za ndovu na watumwa ilivyozidi kuutumia mji huo kama kituo cha mwisho kabla ya kuvuka, jina la nchi liliumeza mji, kisha likabaki kuwa la mji tu. Kanda ilisinyaa. Tanganyika ilifanya kinyume chake. Lilikuwa jina la ziwa lililo pembezoni, lakini mwaka 1920 Waingereza walilipa koloni zima walilokabidhiwa baada ya vita, hadi Tanga na Lindi ambako maji ya ziwa hilo hayajawahi kufika. Tangu 1964 limebaki silabi moja ndani ya neno Tanzania, na ziwani ambako lilianzia.

Umanyema una habari yake. Ni nchi iliyo magharibi ya ziwa, lakini Wamanyema kama kundi moja walipatikana zaidi upande huu wa mashariki, pale watu wa makabila mengi ya Kongo waliovuka, kwa hiari au kwa minyororo, walipoitwa kwa jina moja na wenyeji wao wapya. Jina lilishika. Dar es Salaam, Kariakoo, kuna Msikiti wa Manyema.

Majina ya pande za dunia nayo yanaonyesha aliyeyatoa alisimama wapi. Kaskazini na kusini ni majina ya pepo za Bahari ya Hindi, kaskazi na kusi, zilizosukuma majahazi. Pwani ndiko dira ilikotengenezwa, na kila kilichokuwa nyuma ya pwani kiliitwa bara, neno linalotumika pia kwa Afrika nzima. Waswahili nao hawakupona: jina lao linatokana na neno la Kiarabu la pwani, yaani walipewa jina la kanda na wageni walioingia kwa chombo. Na leo tunasema Mashariki ya Kati bila kujiuliza ni mashariki ya nani. Kwa aliyesimama Ujiji, Muscat, ilikotoka asili ya wengi wa wafanyabiashara Waarabu wa mji huo, iko kaskazini-mashariki.

Kutoka kati hadi mashariki

Burton alichapisha kitabu chake mwaka 1860, na jina lake liliiweka nchi hii katika maziwa ya Afrika ya Kati. Miaka 25 baadaye udongo uleule ulihamishwa. Tarehe 27 Februari 1885 serikali ya Ujerumani ilitoa hati ya ulinzi kwa kampuni ya Carl Peters, na himaya iliyokua kutokana na hati hiyo, hadi mwambao wa Tanganyika, iliitwa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Hakuna kilichobadilika ardhini ila mlango wa kuingilia: mwenye nchi sasa aliingia kwa pwani ya mashariki. Neno "kati" lilihamia kusini, likavishwa Nyasaland mwaka 1893 na baadaye shirikisho la Rhodesia na Nyasaland la 1953 hadi 1963.

Siku moja kabla ya hati ya Peters, mkutano wa Berlin ulitia saini mkataba ambao ni kioja katika historia ya majina ya kanda. Ulianzisha eneo la biashara huria lililoitwa bonde la Kongo la kimkataba, kisha ukalipanua upande wa mashariki hadi Bahari ya Hindi, kutoka latitudo 5 kaskazini hadi mdomo wa Zambezi. Kisheria, basi, Dar es Salaam ilikuwa ndani ya bonde la Kongo, ingawa hakuna tone la mvua ya Dar es Salaam linalokwenda Kongo.

La Kigoma huenda. Swali la maji ya Tanganyika yanatokea wapi liliwasumbua wasafiri kwa karibu miaka 20. Wenyeji wa kaskazini waliwaambia Burton na Speke kwamba mto Rusizi unaingia ziwani, lakini Burton hakuufikia mdomo wake, na baadaye alishikilia kwamba huenda unatoka na kuwa chanzo cha Nile. Novemba 1871, muda mfupi baada ya kukutana Ujiji, Henry Stanley na David Livingstone walikwenda wakaona unaingia. Mwaka 1874 Verney Lovett Cameron aliufikia Lukuga, upande wa magharibi, akasema hapa ndipo maji yanapotokea. Stanley alizunguka ziwa mwaka 1876 akaukuta Lukuga umezibwa na matope na mimea, akashuku. Miaka michache baadaye maji yalivunja kizuizi hicho yakatiririka. Kwa hiyo mto Malagarasi humwaga maji ya Tanzania magharibi katika Tanganyika, Lukuga huyapeleka kwenye mto Kongo, na Kongo huyafikisha Atlantiki. Kwa hesabu ya maji, ambayo kwa maoni ya mwandishi huyu ndiyo isiyopendelea yeyote, Kigoma ni ya Afrika ya Kati, na Burton alipatia jina kwa sababu alizokosea.

Wanabiolojia wana ramani yao. Mwaka uleule wa 1858 Philip Sclater aliigawa dunia kwa ndege wake, na Afrika ya kusini mwa Sahara akaiita kanda ya Ethiopia, jina lililotokana na maandishi ya Wagiriki wala si nchi ya leo. Siku hizi huitwa kanda ya Afrotropiki. Ndani yake, mwambao wa Kigoma ni mahali misitu ya asili ya Kongo inapokutana na miombo ya kusini, na ndiyo sababu sokwe wa Gombe na Mahale wanaishi upande huu wa ziwa. Walio wengi katika jamii yao wako Kongo.

Orodha za mashirika

Mashirika ya kimataifa huhitaji kanda ili yaweze kujumlisha. Umoja wa Mataifa, katika mfumo wake wa misimbo ya takwimu unaojulikana kama M49, umeziweka Tanzania, Burundi na Zambia katika Afrika ya Mashariki, msimbo 014, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo katika Afrika ya Kati, msimbo 017. Wenyewe husema wazi kwamba mgawanyo huo ni wa kurahisisha takwimu tu. Umoja wa Afrika hutumia kanda tano zilizokubaliwa mwaka 1976, na hapo ziwa hukatwa vipande vitatu: Tanzania ni mashariki, Burundi na Kongo ni kati, Zambia ni kusini. Benki ya Dunia, tangu 2020, imeziweka nchi zote nne katika fungu moja la mashariki na kusini. Shirika la Afya Duniani nalo linazihudumia zote kutoka Brazzaville. Lakini Somalia, mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2024, kwa shirika hilo ni ya Mediterania ya Mashariki.

Jumuiya hiyo imelipanua neno Afrika Mashariki kuliko mwalimu yeyote wa jiografia. Ilipofufuliwa kwa mkataba wa 1999 ilikuwa na nchi tatu. Burundi na Rwanda ziliingia 2007, Sudan Kusini 2016, Kongo 2022. Tangu siku hiyo Afrika Mashariki ya kisiasa ina pwani ya Atlantiki. Tanzania yenyewe imo pia katika SADC, jumuiya ya kusini mwa Afrika.

Jina la Maziwa Makuu lingetarajiwa kumaliza ugomvi, lakini halikumaliza. Jumuiya ya uchumi iliyoundwa kwa jina hilo mwaka 1976 ilikuwa ya Zaire, Rwanda na Burundi peke yao. Tanzania, yenye sehemu za Victoria, Tanganyika na Nyasa, haikuwamo. Mkutano wa Kimataifa wa Nchi za Maziwa Makuu, uliotia saini mkataba wake Nairobi mwaka 2006, una wanachama 12. Angola na Sudan wamo. Malawi, iliyolala kandokando ya Ziwa Nyasa, si mmoja wao. Kigezo kilikuwa vita na wakimbizi, si maziwa. Chombo kinachofuata ziwa kweli ni Mamlaka ya Ziwa Tanganyika, iliyotokana na mkataba wa Juni 2003 wa nchi nne zenye mwambao, na makao yake ni Bujumbura.

Saa

Kanda inayoonekana kila siku Kigoma iko ukutani. Mji uko karibu na longitudo 30 mashariki, ambayo kwa hesabu ya jua ni ya saa mbili mbele ya saa ya Greenwich. Burundi, mashariki ya Kongo na Zambia hufuata hesabu hiyo, inayoitwa saa za Afrika ya Kati. Tanzania yote hufuata saa za Afrika Mashariki, saa tatu mbele. Matokeo yake jua la utosi Kigoma halifiki saa sita bali karibu saa saba mchana, na alfajiri huchelewa dakika 39 hivi nyuma ya Dar es Salaam. Anayetoka Kigoma kwenda Bujumbura hurudisha saa yake nyuma kwa saa moja, na akirudi huipeleka mbele.