Matone ya Bibi Mzuri

Wanawake wa pwani yetu, tangu zama za mababu, wameyapamba macho yao kwa wanja wa manga, wakaupaka ukingoni mwa kope na kuiacha mboni ilivyoumbwa. Lakini mabibi wa Italia, kwa mujibu wa masimulizi ya kale, hawakuridhika na ukingo, bali walidondosha ndani ya jicho maji ya mmea wenye matunda meusi yang'aayo, mboni ikafunguka ikawa pana, na mtazamaji akadhani ametazamwa kwa mahaba. Kumbe bibi mwenyewe aghalabu hakumwona sawasawa huyo aliyemvutia, kwa kuwa dawa ile huilegeza misuli inayobana mboni pamoja na ile inayoliwezesha jicho kuona kitu kilicho karibu. Watu wa Venice waliuita mmea huo belladonna, yaani bibi mzuri. Naye Linnaeus wa Sweden, alipoupa jina la kitaalamu mwaka 1753, aliutangulizia neno Atropa, kutokana na Atropos, yule mmoja wa ndugu watatu wa kike katika ngano za Wayunani ambaye kazi yake ni kuukata uzi wa uhai. Naona ni nadra mmea kupewa jina lenye insafu kiasi hicho.

Karne nyingi kabla ya Linnaeus, Al-Razi, tabibu mashuhuri wa Rayy, alikuwa amekwisha kuandika kwamba mboni husinyaa penye nuru na kupanuka gizani. Ama kuipanua kwa makusudi, kwa ajili ya tiba, ni jambo lililoenea Ujerumani yapata mwaka 1800, pale tabibu Karl Himly alipoyatumia matone hayo katika shughuli za mtoto wa jicho.

Hapa sina budi kusimama kidogo kwa ajili ya paka. Kijana mmoja, Friedlieb Ferdinand Runge, alipokuwa akijifunza kazi katika duka la dawa mjini Lübeck, alirukiwa jichoni na tone la belladonna, akashuhudia mwenyewe linavyofanya. Mwaka 1819, akiwa mwanafunzi mjini Jena, aliitwa na Goethe, yule mshairi mkuu ambaye habari za nuru na rangi zilimshughulisha sawa na mashairi. Runge akaazima koti la heshima, akapita sokoni na paka kwapani, watu wakimkodolea macho. Jicho moja la paka lilikuwa limetiwa dawa, mboni imejaa tele, nyeusi kama kisima. La pili, mbele ya nuru ile ile, limebaki mwanya mwembamba kama uzi. Goethe alifurahi hata wakati wa kuagana akampa kasha la buni ya Mokha, kahawa ile ya Yemen, achunguze ina nini ndani yake. Na katika buni hizo Runge akaipata kafeini. Paka hakupewa kitu.

Atropini safi, yaani kiini cha nguvu ya belladonna, ilipopatikana katika miaka ya 1830, na Hermann von Helmholtz alipotangaza mwaka 1851 chombo chake cha kutazamia nyuma ya jicho, kupanua mboni kukawa ada ya matabibu wa macho, maana kutazama kupitia mboni iliyosinyaa ni kama kuchungulia chumba kwenye tundu la ufunguo. Ndipo madhara nayo yalipozidi kudhihirika. Nguvu ya atropini hukaa jichoni siku saba na zaidi. Na ikishuka kwa njia ya machozi hadi puani, huingia damuni, kinywa kikakauka, moyo ukaenda mbio, na mtoto mdogo akaweza kushikwa na homa na kuweweseka. Baya kupita yote huwapata wale ambao pembe ya ndani ya jicho lao ni finyu: mboni ikipanuka, utando wenye rangi hujikunja ukaziba njia ya maji ya jicho, shinikizo likapanda, jicho likauma hata mtu akatapika, na taa akaiona imezungukwa na duara za rangi. Asipotibiwa upesi, nuru ya jicho hilo huondoka isirudi.

Dawa ya kuufunga mlango huu wa mboni ilitoka Afrika. Waefik wa Calabar, katika Nigeria ya leo, walikuwa na mbegu ya kiapo, ambayo mshitakiwa aliilishwa, akifa amehukumiwa, akiitapika ameachiliwa. Mbegu hiyo ilifika Edinburgh, na mwaka 1863 tabibu Douglas Argyll Robertson akajitia maji yake jichoni, akaona mboni inasinyaa hata ikawa kama tundu la sindano, na kwamba kazi ya atropini yaweza kutanguliwa. Mwaka 1876 Ludwig Laqueur wa Strasbourg, ambaye naye alikuwa akiugua shinikizo la macho, aliitumia dawa ya mbegu hiyo kuliteremsha.

Siku hizi matone ya tropikamidi hudumu saa chache tu. Nilipoketi kwenye benchi la kliniki, muuguzi aliniuliza kwanza kama nimewahi kuambiwa nina presha ya macho, akamulika tochi ubavuni mwa jicho atazame kivuli kinavyoanguka, akavuta kope ya chini, akadondosha tone moja, kisha akakandamiza kwa ncha ya kidole pembe ya jicho upande wa pua, dawa isipate njia ya koo. "Leo usiendeshe gari, mzee wangu," akasema, "na nani atakushika mkono hadi barabarani?" Chupa akairudisha kwenye sinia, kizibo chake kilikuwa chekundu, ili mkono wenye haraka usiichanganye na ile ya kizibo cha kijani, inayoibana mboni.