Utumbo Kwanza, Hamu Baadaye

Kwa zaidi ya karne moja, wanaofuga samaki kwenye matangi ya vioo wamechagua chakula kwa kipimo kimoja: je, samaki anakikimbilia au anakiacha kizame? Kinachogombewa kikaitwa kizuri, kinacholala chini kikaitwa kibaya. Kipimo hicho kinaeleweka, maana samaki hasemi, na kumtazama anavyokula kunaonekana kuwa njia pekee ya kujua anachotaka. Lakini historia ya ufugaji huu, hasa tangu samaki wa maziwa makuu ya Afrika Mashariki na Kati walipoanza kupelekwa Ulaya na Marekani, inaonyesha kwamba hamu ya samaki ni shahidi dhaifu. Shahidi wa kuaminika ni mwili wake: meno, taya na urefu wa utumbo. Na waliomsikiliza shahidi huyo mapema hawakuwa wauza chakula, bali watafiti waliokaa kando ya maziwa wakipasua samaki mmoja baada ya mwingine kuona wamemeza nini.

Kosa hilo halikutokana na uzembe. Lilitokana na bahati kwamba samaki wa kwanza kufugwa kwa ajili ya kutazamwa alikuwa mvumilivu mno. Samaki wa dhahabu, aliyefugwa China tangu enzi ya Song (960–1279), ni wa jamii moja na ningu wa Ziwa Victoria. Samaki wa jamii hii hawana mfuko wa tumbo kama wetu. Wana meno kooni ya kusagia, na wanakula majani, wadudu, minyoo na mabaki ya kwenye tope. Wachina waliwavulia viroboto maji kwenye mabwawa, na samaki wakanawiri. Ulaya ilipoanza kujenga matangi ya maonyesho, likiwemo jengo la samaki la bustani ya wanyama ya London lililofunguliwa mwaka 1853, na baada ya kitabu cha Philip Henry Gosse cha mwaka 1854 kuwapa watu wa kawaida shauku ya kuwa na tangi nyumbani, samaki hao hao walilishwa makombo ya mkate na yale yaliyoitwa mayai ya sisimizi, ambayo kwa kweli yalikuwa vifuko vyenye sisimizi wachanga, vikikaushwa na kuuzwa. Kilikuwa chakula hafifu, lakini wengi wao walivumilia. Samaki anayevumilia kila kitu humfundisha mfugaji wake kwamba kila kitu kinafaa.

Karne ya 20 ilileta vyakula bora zaidi bila kubadilisha swali. Katika miaka ya 1930 iligundulika kwamba vitoto vya uduvi wa maji ya chumvi, ambao mayai yao makavu hukaa muda mrefu na kuanguliwa siku mtu anapoyatia majini, ni chakula cha ajabu kwa samaki wachanga. Minyoo ya matope iliyovunwa kwenye mito michafu ikawa biashara, na magonjwa yakaja pamoja nayo. Kisha mwaka 1955, Ujerumani, kampuni ya Tetra ya Dk. Ulrich Baensch ikatoa TetraMin, chakula cha vipande vyembamba vikavu. Namna ya kutengeneza vipande hivi inapendeza kwa urahisi wake: uji mzito wa unga wa samaki, nafaka na vitamini humwagwa juu ya pipa la chuma lenye moto linalozunguka, ukakauka papo hapo kuwa utando, kisha kisu kikaukwangua. Uvumbuzi huo ulistahili sifa zote ulizopata. Uliwatoa wafugaji kwenye madimbwi na mito michafu, na samaki wengi wa mito ya Amazon na Asia waliishi nao vizuri. Lakini ulikuja na dhana iliyojificha ndani ya kopo: kwamba chakula kimoja chenye virutubisho vyote kinamtosha kila samaki.

Dhana hiyo ilikuwa ikikanushwa miaka hiyo hiyo, ila mbali na maduka. Katika miaka ya 1950 Geoffrey Fryer alifanya kazi Nkhata Bay, kwenye ufuko wa magharibi wa Ziwa Nyasa, akichunguza samaki wadogo wa mawe wanaoitwa mbuna. Alichochapisha mwaka 1959 bado kinashangaza. Kwenye mwamba mmoja kuna samaki wa jamii ya sato wanaofanana kwa umbo, na kila aina ina njia yake ya kula. Mmoja anakwangua utando wa mwani kwa meno yaliyojipanga kama brashi. Mwingine anachomoa wadudu kwenye mianya ya mawe. Mwingine anawanyatia wenzake na kuwang'oa magamba. Upande wa Tanganyika, safari ya utafiti ya Wabelgiji ya mwaka 1946–47 ilimwezesha Max Poll kuwaeleza kwa kina samaki wa ziwa hilo, ambako hali ni hiyo hiyo na pengine imezidi. Huko Petrochromis ana meno yenye ncha tatu tatu anayoyatumia kuchana vijimea vidogo kutoka kwenye mwani, na Tropheus, aliyepewa jina na Boulenger mwaka 1898, ananyofoa nyuzi za mwani huo huo. Ukimpasua Tropheus mwenye urefu wa kiganja, unakuta utumbo mwembamba uliojizungusha mara nyingi, mrefu mara kadhaa kuliko samaki mwenyewe. Utumbo wa namna hiyo ni wa mnyama anayekula kidogo kidogo kutwa nzima, chakula chenye nyuzi nyingi na mafuta machache, kinachopita polepole.

Sasa tazama kilichotokea samaki hawa walipoanza kusafiri. Mbuna walifika kwa wafugaji wa nje katika miaka ya 1960, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 Pierre Brichard, Mbelgiji aliyeishi Burundi, alianza kusafirisha samaki wa Tanganyika kutoka Bujumbura. Tropheus, mwenye rangi zinazobadilika karibu kila mwamba, akapendwa kuliko wengi. Alilishwa kama walivyolishwa samaki wote wa thamani wa wakati huo: minyoo, mabuu mekundu, na moyo wa ng'ombe uliosagwa. Alivila vyote kwa pupa. Kisha likaja gonjwa ambalo wafugaji wake wanalijua hadi leo: samaki anaacha kula, anajitenga pembeni, anatoa kinyesi cheupe kama uzi, tumbo linavimba, na anakufa, mara nyingi akifuatwa na wenzake. Moyo wa ng'ombe ulikuwa mzigo wa pekee, kwa sababu mafuta ya mnyama mwenye damu moto huganda katika maji ya nyuzi joto 25 ambamo samaki huyu anaishi. Hamu ilikuwa imesema ndiyo, na utumbo ukakataa.

Kuna pingamizi mbili ambazo mtu makini atazitoa, na zote zina uzito. Ya kwanza inatoka kwa wanasayansi wenyewe. Mwaka 1980 Karel Liem alionyesha kwamba samaki mwenye meno maalumu kabisa ya kukwangua mwani anaweza pia kunyonya, kuuma na kukamata vyakula vya aina nyingine, na mwaka 1983 McKaye na Marsh waliripoti kwamba wakwanguaji wawili wa Ziwa Nyasa huacha mwani wao na kula vijidudu vya majini vinapojaa. Kama ziwani kwenyewe samaki hawa wanakula nyama laini wakiipata, kwa nini tuwanyime kwenye tangi? Jibu limo ndani ya ushahidi huo huo. Ziwani neema hiyo huja na kuondoka. Ikiisha, samaki anarudi kwenye mwamba na mwani wake, na meno yale maalumu yapo kwa ajili ya siku hizo ambazo ni nyingi zaidi. Kwenye tangi neema haiishi, kwa kuwa kopo halina msimu. Pupa ya Tropheus mbele ya minyoo ina maana kamili kwa kiumbe ambaye hajui lini ataipata tena. Kwa hiyo pupa inatuambia kwamba chakula hicho ni adimu kwake. Haituambii kwamba kinamfaa kila siku.

Pingamizi ya pili inasema ugonjwa wa tumbo unaletwa na vijidudu vya utumboni, msongamano na usumbufu wa safari, si chakula. Ni kweli kwamba chanzo chake kinabishaniwa bado, na kwamba dawa ya metronidazole inayoua vijidudu hivyo huokoa baadhi ya wagonjwa. Lakini vijidudu hivyo hupatikana hata kwenye utumbo wa samaki wanaoonekana wazima. Swali basi ni nini kinavifungulia mlango, na chakula kizito kisichosagika vizuri ni mojawapo ya sababu chache ambazo mfugaji anazimudu kila asubuhi. Hawezi kufuta safari ya ndege ambayo samaki ameshaimaliza. Anaweza kubadilisha kilichomo mkononi mwake.

Hata hivyo ushahidi mzito kuliko yote unatoka Ziwa Victoria, na hauhusu ugonjwa kabisa. Humo anaishi furu anayeitwa Astatoreochromis alluaudi, mwenye taya nene za kooni na meno bapa anayovunjia konokono. Kwa sababu konokono wa maji baridi ndio wanaobeba kichocho, samaki huyu alijaribiwa kama silaha dhidi ya ugonjwa huo. Mwaka 1965 Humphry Greenwood, aliyewahi kufanya utafiti Jinja, alieleza kwamba waliokulia kwenye matangi bila konokono walikuwa na taya nyembamba na meno membamba kuliko ndugu zao wa ziwani. Walikuwa hai na walikula vizuri. Mtazamaji asingeona kasoro. Ila chombo kilichowafanya kuwa samaki wa namna yao hakikuwahi kukua. Anayesema samaki wake wanaishi na kuzaana kwa chakula chochote, kwa hiyo chakula chochote kinatosha, hana budi kujibu hilo. Na jambo hili ni zito zaidi kwa sababu tangu sangara alipoenea katika miaka ya 1980, furu wa aina nyingi wametoweka Victoria, na baadhi wamebaki kwenye matangi ya Ulaya na Marekani tu. Kama siku moja watarudishwa, watarudi na taya walizojengewa na walishaji wao.

Biashara imejifunza, ingawa kwa kuchelewa. Leo vyakula vya samaki wala mwani hutengenezwa kwa spirulina, kiumbe kidogo cha kijani kinachostawi kwenye maziwa ya magadi, ambacho heroe wadogo wa Natron, Nakuru na Bogoria wamekuwa wakikichuja kwa midomo tangu zamani, na ambacho wanawake wa Kikanembu wa Ziwa Chad hukikausha kuwa chakula cha watu. Hata hivyo picha kwenye kopo bado ni ya samaki wanaogombania punje, na mnunuzi bado anaambiwa kwamba chakula fulani kinapendwa. Wanaokamata na kusafirisha samaki wa mapambo kutoka Kigoma wana nafasi ambayo hakuna kiwanda kinayo: wanaujua mwamba na wanawaona samaki wakila juu yake. Waandike kwenye kila shehena, pamoja na jina na mahali, samaki huyu anakula nini ziwani. Nawe unayefuga, kama huna karatasi hiyo, anza na spirulina kidogo mara nyingi kwa siku kwa wala mwani, na moyo wa ng'ombe uuache buchani.